Muulize Mguu

Gari lililoruka Jumamosi saa nne asubuhi na kuivunja cherehani ya Mama Spana halikuwa na hata tone la mafuta ndani yake. Hilo ndilo lililowachanganya watu. Lilikuwa limeegeshwa uani, pua imeelekea barazani, kimya kama lilivyokuwa kimya kwa miaka sita tangu injini yake igome, na mwenye gari alikuwa ameketi ndani bila kufanya lolote. Ndivyo alivyosema mwenyewe. Halafu likaruka. Likaruka tena. Mara ya tatu likapanda kizingiti cha baraza, cherehani ikaanguka pamoja na meza yake, na gurudumu la mbele likaikalia.

Mama Spana alinusurika kwa sababu alikuwa ameinuka kwenda kuchukua mkasi. Meza ilimgonga muundi, akaangukia rundo la sare za shule alizokuwa akizishona.

"Baba Spana," alisema, akiwa bado chini. "Nimekukosea nini?"

"Sijagusa kitu!" Mumewe alikuwa bado nyuma ya usukani, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. "Mama Spana, wallahi sijagusa kitu!"

Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio, kwa kuwa hakufungua boneti kabla ya kusikiliza. Ungempelekea gari, angeinamisha kichwa, angefumba macho, kisha angekwambia: vali, au beringi ya nyuma kushoto, au gari ni zima, mbovu ni wewe, unaendesha kama unafukuzwa. Alikosea mara chache, na hizo chache hazikusimuliwa nyumbani kwake. Binti yake wa pekee alianza kumshikia spana akiwa na miaka minne, jina likamganda, na wazazi wakawa Baba Spana na Mama Spana mpaka kwenye daftari la shule. Somo la kwanza alilomfundisha lilikuwa fupi: "Gari likinyamaza, limezima. Likizima, halina madhara. Hapo ndipo utie mkono."

Somo hilo lilikuwa la kweli kwa miaka arobaini.

Spana alitoka ndani mbio, kipimo cha umeme mkononi. Ndicho alichokuwa amekifuata. Alikuwa amefungulia funguo ili asome nguvu ya betri, akakumbuka kwamba kipimo kiko chumbani, akaingia kukichukua. Dakika moja, labda isitimie. Alipoliona gari juu ya baraza na mama yake chini, alizima funguo kwanza, kisha ndipo akapiga kelele.

"Baba, si nilikwambia usiguse?"

"Na sikugusa! Nilikaa tu. Kukaa ni kugusa?"

*

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, lenye taa za mviringo, na umri wake ulikuwa zaidi ya mara mbili ya umri wa Spana. Ilimchukua miezi minne kumshawishi baba yake alitoe kwa darasa lake la mwaka wa mwisho katika chuo cha ufundi. Wanafunzi kumi na mmoja wangeng'oa injini na kuweka mota na betri, na kazi hiyo ndiyo ingekuwa mtihani wao. Fundi Sikio alikubali kwa sharti moja: kila mwisho wa juma gari lirudi kulala nyumbani. "Kama mtoto wa bweni," alisema, na mkuu wa chuo akatia sahihi.

Sasa mtoto wa bweni alikuwa amevutwa kwa kamba kurudishwa chuoni, amefungiwa karakana, na Jumatatu asubuhi wazazi wakaitwa.

Mwalimu wa karakana alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa mkono mmoja kwa waya wa shaba. Aliwakaribisha kwenye benchi, akamuuliza Mama Spana hali ya mguu, akaomba radhi kwa niaba ya chuo mara mbili, kisha akatoa fomu ya ajali. Nyuma yake wanafunzi walijifanya wanapanga vifaa.

"Mzee, nasoma kama ilivyoandikwa. Je, dereva alikanyaga mafuta?"

"Mafuta yapi?"

"Ni fomu ya zamani, mzee. Maana yake ile pedali."

"Mimi nauliza, mafuta yapi? Tangi mmeng'oa. Bomba la moshi mmeng'oa. Injini mmeiweka pale pembeni, mmeifunika gunia kama maiti. Nikanyage mafuta yapi, mwalimu? Ya kupikia?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Fundi Sikio hakuwa amekusudia kuchekesha, lakini kicheko hakikumchukiza, alinyoosha shati. Spana peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo niandike hapana?"

"Andika hapana. Gari lilikuwa limezima. Mimi siwashi gari la watu wengine hata kama ni langu."

Mwalimu aliandika, akafunika kalamu, akabaki ameishika. "Kama dereva hakukanyaga, basi gari liliondoka lenyewe," alisema polepole. "Na gari linaloondoka lenyewe siwezi kulipeleka mbele ya watahini Ijumaa. Wakipanda likawaua je? Mpaka tujue kasoro iko wapi, kazi imesimama. Isipojulikana kabla ya Ijumaa, darasa zima litarudia mwaka."

Kicheko kiliisha. Spana alimtazama baba yake, na baba yake akatazama injini iliyofunikwa gunia.

"Bora kurudia mwaka kuliko kuzika mtu," alisema Fundi Sikio, na kwa jinsi alivyoyajua mambo, alikuwa akisema jambo la busara.

*

Walitafuta kasoro siku mbili. Walifungua kila kiungo cha waya, wakakiangalia, wakakifunga. Kijana mmoja mwembamba aliyeitwa Waya, ambaye angeweza kulala juu ya zile betri na kuota nambari zake, alikijaribu kile kisanduku cha kuongozea mota mara sitini, akihesabu kwa chaki ukutani. Gari halikuruka. Ukikanyaga pedali linakwenda, ukiachia linasimama, kama mtoto mwenye adabu.

"Halina kasoro," alisema Waya Jumanne mchana. Alisema akitazama sakafu.

"Kama gari halina kasoro," mwingine akadakia kutoka nyuma, "basi mwenye kasoro ni baba wa mtu fulani. Anajua alichokifanya, anaona aibu, na sisi kumi na mmoja tunaliwa mwaka. Mzee mzima anadanganya."

Spana alimrushia kitambaa cha grisi usoni. "Baba yangu ana mambo mengi. Uongo hana."

Alitoka nje akaanza kutembea, akazunguka karakana mara ya kwanza, mara ya pili, asijue anakwenda wapi. Ubaya wa jambo lile ni kwamba aliamini pande zote mbili. Alilijua lile gari waya kwa waya, na alimjua baba yake. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa akisema uongo. Na funguo ile aliiacha wazi yeye.

Nyumbani nako hakukuwa na aliyetulia. Tangu Jumamosi mtu akikaa anainuka, akiinuka anauliza alikuwa anataka nini. Mama Spana alishona sare kwa mkono, mguu wenye bendeji ameuweka juu ya ndoo, maana wenye watoto hawakuacha kuja kuulizia na shule haikungoja. Fundi Sikio alikuwa ameifungua cherehani yote na kuitandaza juu ya gazeti barazani. Mhimili wake ulikuwa umepinda. Aliugonga kidogo, akauzungusha, akauinua machoni, akauweka chini. Kisha akatembea mpaka mlangoni. Kisha akarudi.

"Nimekaa kwenye magari maelfu," alisema. "Maelfu, Mama Spana. Hakuna hata moja lililonirukia."

"Ndiyo."

"Nitakuonyesha." Alivuta kigoda akakaa mbele yake, akashika usukani usiokuwepo. "Nimefungua mlango. Nimekaa. Nimefuta kioo na mkono wa shati, hivi. Nimeinua macho kwenye kioo cha nyuma. Mkono nimeuweka kwenye gia, nikaona iko ndani, nikasema vizuri, gari lililozimwa huachwa ndani ya gia. Halafu basi! Nimekaa. Sasa niambie, nimegusa nini?"

Sindano ya Mama Spana ilisimama kitambaani. Hakuwa akiitazama mikono ya mumewe. Yeye alikuwa mtu wa cherehani ya miguu, na miguu ndiyo aliyozoea kuitazama. Chini ya kigoda, mguu wa kulia wa Fundi Sikio ulikuwa umekanyaga sakafu: pu, pu, pu. Mara tatu, upesi upesi, kisha ukatulia.

Aliijua ile mara tatu kuliko alivyoijua tarehe ya harusi yao. Alfajiri kwa alfajiri, miaka ishirini, alikuwa akikaa kiti cha pembeni akipelekwa sokoni na vitambaa vyake, na gari lile halikuwaka kwa baridi bila kukanyagwa mara tatu, ili mafuta yapande kwenye kabureta. Mara mbili hayatoshi, mara nne injini inafurika. Kukaa, kioo, gia, tatu. Kwa Fundi Sikio hilo halikuwa kukanyaga mafuta. Halikuwa kitu kabisa. Lilikuwa sehemu ya kukaa.

Angeweza kumwambia palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alimwona mumewe alivyokuwa akimtazama, akingoja aambiwe hajagusa kitu, na akakumbuka kwamba mwaka ule mzima yalikuwa yameletwa magari manne tu uani kwao. Watu siku hizi walikwenda kwa mafundi wenye kompyuta, wakachomeka waya, kompyuta ikasema vali. Alimwonea huruma, na huruma ile ikamkasirisha, kwa sababu mguu uliovimba ulikuwa wa kwake.

"Sijaona mikono yako ikigusa kitu," alisema, na huo haukuwa uongo.

Alimkamata Spana jikoni, akamwambia afunge mlango.

"Wenzangu wanasema Baba mwongo, Mama."

"Baba yako si mwongo. Anachosema anakiamini. Wewe tatizo lako unamuuliza mdomo. Mdomo wa baba yako una kiburi, tangu namwoa." Alijisikia alivyosema, akaguna. "Tangu ananioa. Usimuulize mdomo. Muulize mguu."

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Mpandishe garini, funguo iwe wazi, na magurudumu yasiguse chini, mimi cherehani nyingine sina. Halafu nyamaza utazame."

Spana alibaki na sahani mkononi. Alikuwa amepanda gari lile tangu hajajua kuongea, na sasa mguu wa baba yake ulimjia wazi, kiatu chake cha ngozi, kisigino kimetulia, kidole kikipiga. Aliiweka sahani chini.

"Lakini gari liko chuoni. Itakuwa mbele ya watu, Mama."

"Najua."

"Atanichukia."

"Atachukia siku mbili, kisha atataka chai. Ukirudia mwaka kwa sababu ya pedali, akaja kujua baadaye mwenyewe, hapo ndipo hatajisamehe. Mimi nitakuja. Nitachechemea, lakini nitakuja."

*

Jumatano Fundi Sikio alifika chuoni amevaa shati lake la kwendea mjini. Aliambiwa aje aonyeshe alivyokaa, naye alikuwa amejiandaa kama shahidi anayejua kesi yake ni safi. Gari lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi nne uani kwa karakana, magurudumu yote hewani. Spana alikuwa amewasihi wenzake wabaki ndani. Walibaki dakika mbili. Kisha mmoja akakumbuka ufagio uko nje, mwingine akakumbuka kikombe, na mwishowe wote kumi walikuwa wamesimama ukutani na sababu zao mikononi.

"Funguo iko wazi kama siku ile, Baba," alisema Spana.

"Kaa kama ulivyokaa, mzee," alisema mwalimu. "Usibadilishe kitu."

Alikaa. Alifuta kioo kwa mkono wa shati. Aliinua macho kwenye kioo cha nyuma, akauweka mkono kwenye gia, na magurudumu ya nyuma yakazunguka: mara moja, mara mbili, mara tatu. Mota ilitoa mlio mwembamba, wa mbu. Mwalimu aliusikia, Spana aliusikia, na wale kumi ukutani waliusikia. Fundi Sikio aliendelea kutazama mbele kwa utulivu. Kisha akatoa kichwa dirishani, akatabasamu.

"Mnaona? Nimekaa. Limetulia. Leo limeogopa watu."

Mmoja akaanza kucheka, Waya akamkanyaga kidole. Spana alitamani stendi zianguke, betri ziungue, mwaka urudiwe mara mbili, chochote, kuliko kuwa yeye wa kumwambia baba yake kwamba uani pale pote ni yeye peke yake ambaye hakusikia.

Mama Spana alichechemea mpaka garini, akafungua mlango, akachutama kwa shida, akaweka kiganja juu ya goti la kulia la mumewe.

"Kaa tena, Baba Spana."

"Si nimekaa?"

"Kaa tena. Mwanzo mpaka mwisho."

Alifuta kioo, akionyesha kwamba anafanya kwa kumridhisha tu. Macho kwenye kioo cha nyuma. Mkono kwenye gia. Na chini ya kiganja cha mkewe goti likaruka, likaruka, likaruka.

Fundi Sikio aliutazama ule mkono. Akautazama mguu wake kama mtu anayemkuta mgeni kitandani mwake. Alitoka nusu, akageuka nyuma, akaliona gurudumu likimalizia kuzunguka, taratibu, bila kelele yoyote aliyoweza kuisikia. Uso wake ulilegea mpaka Spana akatazama pembeni.

"Ni mimi," alisema. Halafu, kwa mkewe tu, "Nilikuumiza mimi. Siku nne nakwambia sijagusa kitu, na mguu umevimba mbele yangu."

"Mazoea yana taabu," alisema Mama Spana. "Niinue, magoti yananiuma."

Mwalimu alisogea na fomu yake. Hakujua aanzie wapi. "Mzee, ile sehemu ya... niandike nini?"

"Futa hapana. Andika alikanyaga." Aliteremka, akajipangusa suruali isiyokuwa na vumbi. "Usiandike mafuta."

*

Alhamisi Fundi Sikio hakwenda popote. Aliunyoosha mhimili wa cherehani, akaupaka grisi, akaufunga. Mama Spana akakalia kiti, akakanyaga kwa mguu mzima, na mumewe akainamisha kichwa, akafumba macho. "Simama," alisema, akakaza skrubu moja. "Endelea." Cherehani ikatoa mlio wake wa siku zote, naye akabaki ameinama hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chuoni nako hakukulaliwa usingizi. Mwalimu aliruhusu kazi iendelee, lakini alimkata Spana alama kwa kuacha funguo wazi, na akaweka sharti: gari linyamaze likitaka, ila lisiweze tena kumwondokea mtu kwa ghafla. Mmoja alitaka king'ora. Mwingine alitaka taa nyekundu ya ukubwa wa sahani. Spana alimvuta Waya kando, akamwambia anachotaka kisanduku kifanye, na Waya akatabasamu.

Ijumaa watahini walikuwa wawili, na mkubwa wao alikuwa mwanamume mnene mwenye haraka. Fundi Sikio alikuja. Alisimama nyuma ya watu wote, karibu na lango, mahali ambapo mtu anaweza kuondoka bila kuaga. Mama Spana, kwa ajili ya mguu, alipewa kiti kivulini.

Mtahini aliketi nyuma ya usukani, akafungua funguo, akakanyaga pedali. Kimya. Akakanyaga tena kwa nguvu, akaishikilia. Kimya. Aliangalia saa yake, kisha wanafunzi.

"Gari lenu limekufa."

Mwalimu alianza kujipapasa mifukoni akitafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi.

"Baba," Spana aliita kupitia juu ya vichwa vya watu. "Njoo umwelekeze."

Fundi Sikio hakusogea mara moja. Aliwaza wanamfanyia mzaha, na kama ungekuwa mzaha angestahili. Kisha akaona binti yake hacheki. Alipita katikati yao mpaka dirishani kwa gari lake, akainama.

"Piga tatu," alimwambia mtahini. "Upesi, nyepesi, usikandamize. Tatu. Mbili hazitoshi."

"Kwa nini tatu?"

"Ndivyo linavyoamka. Toka zamani."

Mtahini alinyanyua mabega, akapiga: moja, mbili, tatu. Taa ndogo ya kijani ikawaka mbele yake. Gari halikuruka. Lilikaa palepale likingoja, na sasa lilikuwa tayari kwenda. Spana aliutazama uso wa baba yake wakati neno lenyewe linamfikia, kwamba ule mguu walikuwa wameutia ndani ya gari na usingetoka tena.

"Sasa hili limewaka au halijawaka?" mtahini aliuliza. "Mbona sisikii?"

Fundi Sikio aliinamisha kichwa, akafumba macho kama alivyofanya kwa magari yote ya mtaa, akasikiliza. Kisha akanyoosha mgongo.

"Hata mimi sisikii," alisema, akamwelekeza kwa kidevu upande wa binti yake. "Muulize fundi."

"Limewaka," alisema Spana, na mama yake, aliyekuwa ameketi mbele ya gari, akabeba kiti chake akahamia pembeni.